Karatasi ya Pili

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya mtihani wa mwisho wa muhula wa kwanza, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya printa yangu sebuleni. Umeme ulikuwa umerudi usiku wa manane na nilihofu utaondoka tena kabla nakala themanini hazijatimia. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Karatasi ishirini za kwanza zilitoka bila shida, moja baada ya nyingine, zikiwa bado na joto. Ya ishirini na moja ilipoingia, nyuma yake ikafuata nyingine ambayo haikuitwa. Ilikuwa imeukanyaga mkia wa mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Zikasafiri hivyo hivyo mpaka katikati, zikasimama. Taa ya printa ikawaka.

Nikafungua kifuniko, nikazivuta taratibu zisichanike, nikaziweka sakafuni, nikaendelea.

Vidole viwili. Niliviona kwa macho yangu. Sikuviuliza kitu.

Alfajiri ile karatasi zilikwama mara tisa. Nilifika shuleni nimechelewa, blauzi ina madoa ya tona, ule unga wa wino wa printa, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakafanya mtihani wawili wawili kwa karatasi moja. Hilo lilipita. Lililobaki ni neno nililolisema wiki moja baadaye kwa kijana wa watu, nikalirudia mbele ya walimu wenzangu. Ndilo lililonifanya niandike haya.

## Feki

Nafundisha Kiswahili hapa Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya. Anayefundisha somo hili Uganda anajua kwa nini mwalimu anakuwa na printa nyumbani. Tangu mtaala mpya wa mwaka 2020 ulipoingiza Kiswahili kwa kila mwanafunzi wa vidato viwili vya kwanza, madarasa yamejaa na vitabu havijafuata. Hadithi fupi, mazoezi, mafumbo, yote nayaandika mwenyewe na kuyachapa. Printa niliinunua mwaka 2016 kutoka ofisi iliyokuwa inahama, ikiwa imeshatumika, na imenilea mimi na wanafunzi wangu kuliko kitu chochote kingine nyumbani kwangu chenye waya.

Kwa hiyo ilipoanza kubeba karatasi mbili, nilifanya kile ambacho kila mtu alinishauri nifanye: nibadilishe rola ya kuchukulia karatasi, ule mpira unaogusa karatasi ya juu kwenye trei na kuiingiza ndani. "Mpira umezeeka," walisema wote. Nami niliuangalia nikauona unang'aa kama kisigino cha kiatu, nikakubali. Jumamosi nikapanda taksi ya kwanza kwenda Kampala, karibu kilomita 200, nikatembea Barabara ya Nasser kutoka juu hadi chini katikati ya vishindo vya mashine na harufu ya wino, mpaka nikapata duka dogo la vipuri. Kijana aliyekuwa pale alichukua rola yangu ya zamani, akaigeuza, akaileta mpya pamoja na pedi yake, kipande kinachokaa chini kuzuia karatasi zisije mbili. Shilingi 25,000. Alinionyesha jinsi ya kuipachika bila kuushika mpira kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huufanya uteleze.

Nilirudi usiku. Nikaipachika. Kwa siku mbili ilifanya kazi.

Siku ya tatu nilikuwa na nakala sitini za kuchapa, na ilipokaribia ya ishirini na tano ikaja karatasi ya pili, imeukanyaga mkia wa ya kwanza.

Nilimpigia simu kijana yule papo hapo. "Mwanangu, umeniuzia feki."

"Mama, ile si feki. Ninaiuza kila wiki."

Anayeishi mpakani hujifunza mapema kuogopa bidhaa bandia. Tumeuziwa betri zisizo na kitu ndani, sabuni isiyotoa povu, simu zenye jina la kampuni lililokosewa herufi moja. Neno *feki* liko karibu sana na ulimi wetu. Nilipaza sauti. Nikamwambia nimelipa nauli kwenda na kurudi, nimeacha wanangu siku nzima, nimekuja kwake kwa imani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema niirudishe kwa basi naye atanirudishia hela yangu. Niliirudisha. Shilingi 25,000 ziliingia kwenye simu yangu jioni hiyo hiyo.

Na bado, usiku ule, niliandika kwenye kundi letu la walimu: jina la duka, mahali lilipo, na maneno haya, "Msinunue pale, wanauza feki." Wenzangu kadhaa walinishukuru.

Mmoja, mwalimu wa fizikia ambaye hupenda kuuliza, alinifuata kesho yake chini ya mwembe. "Ulijuaje kuwa ni feki?"

"Zimekwama tena."

"Hiyo inakuambia zimekwama tena," alisema, akaenda darasani.

## Kazi ya mpira

Swali lake lilinikera kwa sababu sikuwa na jibu. Nikaamua angalau nielewe mpira unafanya nini.

Weka karatasi kadhaa mezani, ubonyeze kidole juu ya ile ya juu kabisa na kuivuta. Mara nyingine inakuja peke yake. Mara nyingine inakuja na ya chini yake. Mkono wako unajua la kufanya: unalegeza kidogo, unatikisa, unapuliza. Mashine haina mkono. Ina mpira juu na pedi chini, na kila kitu kinategemea misuguano mitatu kushika nafasi zake. Msuguano kati ya mpira na karatasi lazima uwe mkubwa kuliko wote, ili ya juu isonge. Msuguano kati ya pedi na karatasi uwe wa kati, ili ya chini izuiwe. Msuguano kati ya karatasi na karatasi uwe mdogo kuliko yote, ili zikubali kuachana. Mpangilio huo ukivurugika, mashine inashindwa. Mpira ukiteleza, karatasi haiji. Pedi ikilainika, zinakuja mbili.

Karatasi ya kawaida ya A4 ina gramu 80 kwa mita ya mraba, kwa hiyo moja ina uzito wa gramu 5 hivi, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Nimeshangaa, na ninaendelea kushangaa, kwamba kipande cha mpira kinaweza kutenganisha vitu vyembamba hivyo maelfu ya mara bila kukosea.

Historia ya mashine hizi husimuliwa kwa upande wa mwanga. Tarehe 22 Oktoba 1938, Astoria, New York, Chester Carlson, mvumbuzi wa namna hii ya kunakili, na msaidizi wake waliandika tarehe ile na jina la mtaa kwenye kioo, wakakimulika, wakaihamisha picha kwa umeme tuli na unga mkavu hadi kwenye karatasi ya nta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox aliwaza kuichora picha ya namna hiyo kwa leza. Wakubwa wake hawakulipenda wazo, na mwaka 1971 akahamia maabara ya Palo Alto, California, kulikamilisha. Mwaka 1984 Hewlett-Packard wakatoa LaserJet, printa ya leza ya kukaa mezani. Ni historia nzuri. Lakini Carlson alikibandika kipande chake cha karatasi ya nta kwa mkono wake mwenyewe. Mwanga haujawahi kunichelewesha mtihani hata mara moja. Kilichonichelewesha ni namna ya kuchukua karatasi moja na kuiacha nyingine ilale, na sijasikia mtu akiisimulia kazi hiyo kwa heshima inayostahili.

Basi nikarudi kwenye rola yangu ya zamani, kwa kuwa mpya nilikuwa nimeirudisha. Niliifuta kwa kitambaa kilicholowa maji safi. Kitambaa kilitoka na vumbi jeupe: ni nyuzi za karatasi pamoja na chokaa inayotiwa ndani yake ili iwe nyeupe na laini. Nikaupitisha msasa mwembamba sana juu ya mpira mpaka mng'ao ukaondoka. Nikauvua mpira kwenye kiini chake cha plastiki na kuugeuza nje ndani, upande ambao haujaguswa na karatasi tangu kiwandani. Hata nilijaribu ushauri wa kijana mmoja wa boda wa kuuvisha ukanda wa tyubu ya baiskeli. Rola ikawa nene, karatasi zikaingia kishingoupande, nikautoa siku ile ile.

Kila nilichofanya kilisaidia kwa siku moja au mbili.

Siku hizo mbili ndizo zilizonidanganya. Zilikuwa siku za kazi ndogo, karatasi tano hapa, kumi pale. Sikuyaunganisha mambo hayo.

## Mvua

Kisha nikailaumu mvua.

Lawama hii ilikuwa na msingi. Kuanzia Machi hadi Mei mvua zetu hazina masihara, na Ziwa Viktoria liko karibu. Ukifika Majanji, ufukweni, unaliona limetanda mbele yako. Karatasi hunywa unyevu wa hewa kama chumvi. Ikinywa, inavimba upande mmoja kuliko mwingine, inajikunja, inang'ang'ania jirani yake. Rimu yangu ya karatasi 500 ilikuwa inakaa wazi kwenye rafu karibu na dirisha. Nikaanza kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki, kuipepea kabla ya kuiweka kwenye treyi, kuigeuza upande wa pili pale nilipoona imejikunja. Haya yote ni mazuri na nayafanya mpaka leo. Yalipunguza matatizo mengine ambayo hata sikujua ninayo.

Karatasi ya pili iliendelea kuja.

Hapa ndipo nilipofikiria kuachana nayo. Printa mpya ya leza, ile ndogo kabisa, ingenitoka zaidi ya shilingi laki saba. Mwanangu mkubwa aliniambia, "Mama, hiyo imechoka, iache ipumzike." Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa. Si fedha tu zilizonizuia. Kama ningenunua nyingine, neno langu juu ya yule kijana lingebaki kama lilivyo milele, halijathibitishwa wala halijakanushwa, na mimi ningeendelea kununua vitu Kampala nikilipita duka lake kwa upande wa pili wa barabara.

## Fundi wa cherehani

Jirani yangu ni mzee anayetengeneza cherehani barazani kwake, karibu na soko. Alikuja jioni moja na barua ya kuomba nafasi ya shule kwa mjukuu wake. Alitaka nakala tatu. Nilikuwa nimeshachapa karatasi zangu za kesho, mashine bado ina moto. Nikamwekea barua yake. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ikaja na mwenzake.

Hakuangalia karatasi. Aliinamisha kichwa.

"Mwalimu, rudia tena."

Nikarudia.

"Inagonga mara ngapi kabla ya kuchukua?"

Sikuwahi kuhesabu. Nilikuwa nasikia kelele, basi. Akaniambia nizime taa ya chumba. Nilidhani anatania, lakini alitaka nisikilize bila kuangalia. Nikachapa karatasi nyingine, na kwa mara ya kwanza katika miaka niliyokaa na mashine ile nikaisikia: *ta*, na baada ya kimya kirefu, *ta* ya pili, hafifu, kama mtu anayebandua kitu kilichonata.

"Inashika mara moja," alisema. "Kuachia ndiko kunakochelewa."

Akanieleza habari ya cherehani. Chini ya sindano kuna meno yanayosukuma kitambaa. Meno hayo yana wakati wake: yanasukuma sindano ikiwa juu, yanatulia sindano ikiwa ndani ya nguo. Yakisukuma wakati sindano iko ndani, kitambaa kinajikunja au sindano inavunjika. Wateja wake humjia na cherehani hiyo wakisema meno yamekwisha, ayabadilishe. "Meno mazima. Kilichoharibika ni taimingi. Nikibadilisha meno nitakuwa nimekula hela ya mtu bure."

Sikupata usingizi mzuri usiku ule.

Asubuhi nilizichukua zile karatasi zilizokunjamana, ambazo nilikuwa nazitunza kwa ajili ya watoto kuchorea, nikaziweka mezani. Zote zilikuwa zimepishana kwa namna ile ile. Vidole viwili. Kama kosa lingekuwa la mpira au pedi, karatasi mbili zingetoka zimelaliana, nyingine mbele kidogo na nyingine nyuma kidogo, kila mara kivyake. Hizi hazikuwa zimelaliana. Zilikuwa zimefuatana. Ya pili iliachwa itulie mpaka mkia wa ya kwanza ukapita chini ya rola, kisha ikachukuliwa, vizuri kabisa, peke yake. Hivyo vidole viwili ndivyo umbali kutoka mahali rola inapogusa hadi ukingo wa mbele wa karatasi iliyolala chini.

Mpira ulikuwa umefanya kazi yake sawasawa. Uliifanya mara moja zaidi ya ilivyotakiwa.

Na nikaelewa kwa nini mashine ilikuwa inasimama. Ndani yake kuna ulimi mdogo wa plastiki ambao karatasi huunyanyua ikipita na kuuachia ikishapita, na mashine hupima muda huo. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Mbili zilizokanyagana mkia ni kama sentimita 56. Mashine ilikuwa inaona karatasi moja ndefu isiyokwisha, ikaamua kuwa imekwama, ikajizima ili isijiumize.

## Lami

Jumamosi niliichomoa kwenye umeme na kuiacha saa nzima. Naandika hili kwa msisitizo kwa yeyote atakayejaribu: sehemu inayoyeyusha tona hufika karibu nyuzi joto 200, na haipoi upesi. Katriji ya tona niliitoa na kuifunika taulo, maana dramu yake, silinda inayobeba picha, huharibiwa na mwanga. Mzee alikuja na bisibisi zake na miwani.

Tulifungua ubavu wa mashine, upande wa gia. Gia inayozungusha rola ina pengo, mahali pasipo na meno. Pengo hilo likikaa mbele ya gia ya mota, mota inazunguka na rola imelala. Kuna kikono cha chuma kinachoizuia gia hiyo isisogee. Ikihitajika karatasi, umeme unapita kwenye koili ndogo ya waya inayogeuka sumaku, yaani solenoidi, inakivuta kikono kwa kitambo kifupi. Springi inaisukuma gia, inashikana na mota, inazunguka mzunguko mmoja. Kikono kinatakiwa kiwe kimesharudi mahali pake kuipokea na kuisimamisha. Kisiporudi kwa wakati, gia inazunguka tena. Na tena, mpaka kikono kibanduke.

Kati ya kikono na chuma cha koili, watengenezaji huweka kipande cha sponji, chembamba kama ukucha, kupunguza kelele.

Sponji yetu haikuwa sponji tena. Ilikuwa kitu cheusi, laini, kama lami barabarani saa nane mchana. Mzee alikigusa kwa ncha ya bisibisi, akaivuta, na uzi mwembamba ukafuata kama utelezi wa bamia. Joto la miaka limeiyeyusha. Mashine ikiwa baridi, inanata kidogo na kikono kinarudi karibu kwa wakati. Baada ya karatasi ishirini, moto umepanda, inakuwa gundi.

Karatasi ishirini. Zile ishirini za alfajiri ya mtihani. Zile siku mbili za kazi ndogo baada ya rola mpya, nilipochapa tano na kumi tu.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mzee hakusema kitu. Akaendelea kufuta bisibisi yake kwa kanzu yake kuukuu ya kazi.

## Kitambaa cha mfuko

Tuliikwangua ile lami kwa spiriti na pamba za masikio, pamba kumi na moja kwa hesabu yangu, mpaka chuma kikang'aa. Nilitaka tufunge. Mzee akasema tujaribu kwanza. Tulipojaribu bila kitu chochote katikati, kikono bado kilisita. Kidogo tu, lakini kilisita. Nilikata tamaa kwa dakika kadhaa, mpaka nikakumbuka kumuuliza kwa simu yule mwalimu wa fizikia, ambaye aliniambia kwamba chuma kikigusana na chuma moja kwa moja, usumaku hubaki hata umeme ukikatika, na unahitaji nafasi ndogo ya kitu kisicho cha sumaku. Kumbe ile sponji haikuwa ya kelele peke yake.

Kipande cha kwanza tulikikata kwenye jinzi kuukuu ya mwanangu. Kilikuwa kinene, kikono hakikuvutwa vya kutosha, gia haikuachiwa, karatasi haikuja kabisa. Cha pili tulikikata kwenye kitambaa cha mfuko wa jinzi ile ile, chembamba na kigumu, tukakibandika kwa tone moja la gundi inayokauka, tukasubiri usiku kucha. Mzee hakutaka tutumie utepe wa umeme. Alisema gundi ya utepe huo nayo hutoka jasho kwenye joto, na miaka mitatu mbele nitakuwa hapa tena.

Jumapili baada ya ibada nilichapa karatasi mia moja na sitini bila kupumzika. Nilizima taa tena, nikasikiliza. *Ta-ta.* *Ta-ta.* Ya ishirini. Ya hamsini. Ya mia.

Kwenye mashine ile kulikuwa na rola ya zamani. Ile ile niliyoipeleka Kampala.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu uzembe wa kufikiri ndio ulionifikisha nilipofika. Sijui kama ile rola mpya ilikuwa ya kiwandani au ya kuiga. Sina tena namna ya kujua, sinayo mkononi. Ninachojua ni kwamba ushahidi wote niliomhukumia nao yule kijana ulikuwa karatasi ya pili, na karatasi ya pili haikuwa na uhusiano wowote na rola yake. Nimemwita mtu mwongo kwa sababu ya sponji.

## Simu

Nilianza na kundi la walimu, kwa kuwa pale ndipo nilipomharibia jina mbele za watu. Niliandika maneno machache: nilisema uongo bila kujua, duka lile halikunikosea, mashine yangu ilikuwa na tatizo jingine, naomba mfute mliyoyasikia kwangu. Niliyasoma mara nyingi kabla ya kuyatuma. Watu wawili waliitikia kwa kidole gumba. Shukrani za mara ya kwanza zilikuwa nyingi zaidi. Mwalimu mmoja aliniandikia faraghani kwamba alikuwa ameshawaambia ndugu zake wa Tororo wasiende pale. Nikamwomba awaambie tena. Alisema atajaribu.

Kumpigia kijana ilinichukua siku nne zaidi. Nilikuwa nafungua namba yake na kuifunga. Niliogopa kwamba atakuwa amenisahau, halafu nikaogopa kwamba hajanisahau.

Hakuwa amenisahau. "Mama wa Busia," alisema.

Nilimsalimia, nikamwomba msamaha kabla sijaeleza chochote, kwa sababu nilijua nikianza na maelezo yatageuka kuwa kujitetea. Nikamwambia nimeandika kwenye kundi la walimu kuwa anauza feki, jambo ambalo yeye hakulijua, na kwamba sasa nimelikanusha. Nikamwambia namrudishia shilingi 25,000 pamoja na gharama ya kile kifurushi cha basi. Alikuwa kimya kwa muda ambao ulinitosha kusikia mashine za Barabara ya Nasser nyuma yake.

"Ile rola, mama, sikuweza kuiuza tena," alisema mwishoni. "Ilikuwa imeshapachikwa. Niliiweka kwenye boksi na nyingine."

"Nyingine zipi?"

"Zinazorudishwa. Za mashine kama yako. Ziko saba hapa. Kila mtu anasema ni feki, na mimi nilianza kudhani anayeniletea mzigo ananiibia. Nimeshagombana naye."

Nikamweleza yote: kuhesabu mlio, vidole viwili, karatasi ya ishirini, kikono, lami, kitambaa cha mfuko na unene wake. Aliniuliza kama karatasi zinatoka zimelaliana au zimefuatana, nikajua ameelewa kuliko nilivyoelewa mimi kwa wiki sita. Akaniambia ana mashine kuukuu ya aina ile ile chini ya meza, aliyoachiwa na mteja aliyechoka nayo.

"Hiyo sponji iko upande gani, mama? Wa mota au wa mlango?"

"Wa mota. Kuna skrubu tatu, na moja imejificha chini ya kibandiko."

"Subiri," alisema. "Usikate. Nichukue bisibisi."